Bingwa wa Spidiwei Aliyekuwa Mtani Wangu

Atu alinipigia simu asubuhi nikiwa kwenye foleni ya kahawa kazini, akaniambia kwa sauti kavu ya mtu aliyekwisha kulia, "Skola, mtani wako ametutoka. Njoo ufanye kazi yako." Nikatoka kwenye foleni. Hakuwa ananiita nikakate vitunguu wala nikakae na wafiwa, ingawa hayo nayo ningeyafanya. Alikuwa ananiita kama Mngoni, kwa kuwa marehemu alikuwa Mhehe. Kwenye msiba wa Mhehe, Mngoni ana kazi inayojulikana: wengine wakilia yeye anamtukana marehemu, anaigiza mwendo wake, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna mwenye haki ya kukasirika. Nimeiona kazi hiyo ikifanywa Songea na Iringa tangu nikiwa mtoto. Hapa Toronto nimeiona mara chache, na kila mara watoto waliozaliwa huku wametutazama kana kwamba tumerukwa na akili. Nilimjibu Atu kwamba nakuja. Sikumwambia kwamba sina hakika kama bado ninayo haki hiyo, kwa sababu mimi na mume wake, Lukelo, tulikuwa tumeacha kutaniana miaka mingi nyuma, na aliyeanza kuacha ni mimi.

Watu wa kanisani walimjua Lukelo kama fundi wa mabasi ya shule, mtu mfupi mwenye mabega mapana na masharubu aliyoyatunza kuliko bustani yake. Wazungu wa mashambani nje ya mji, waliokuja uwanjani kila Jumamosi ya kiangazi na viti vyao vya kukunja, walimjua kama bingwa. Mchezo wenyewe unaitwa spidiwei, na mara ya kwanza aliponieleza nilidhani ananidanganya. Pikipiki haina breki. Ina gia moja tu, inakunywa methanoli badala ya petroli, na inazunguka uwanja wa udongo mara nne, daima ikikata kushoto. Waendeshaji wanne wanasimama nyuma ya utepe, utepe unaruka juu, na kuanzia hapo hakuna anayeweza kusimama ghafla hata akitaka. Kwenye kona gurudumu la nyuma linaachiwa liteleze, na mwendeshaji anaburuza mguu wa kushoto chini, umevalishwa kiatu cha chuma ili usisagike. Mtu wa miaka arobaini na kitu, baba wa mtoto, fundi mwenye kazi yake nzuri, alikuwa anaacha nyumba yake kila Jumamosi kwenda kufanya hivyo, na alikuwa ameshachukua ubingwa miaka miwili mfululizo. Tulimsema sana kwamba ana wazimu, halafu akishinda tulimtangaza mji mzima kwamba ni mtu wetu.

Mwaka wa mambo haya ulikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, mwaka wangu wa kwanza Toronto. Nilipanga kwao chumba cha chini, besmenti, katika nyumba yao ya Rexdale. Dirisha langu lilikuwa dogo, usawa wa majani, na wageni wa nyumba ile niliwajua kwanza kwa viatu vyao. Nilifanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, kupanga trei za chakula cha abiria. Nilipanda basi la Kipling alfajiri na kurudi mchana miguu ikiwaka moto. Jiko lilikuwa juu, na nilikula nao, kwa sababu Atu, Mnyakyusa wa Tukuyu, hakuweza kuvumilia kumwona mtu akipika chakula cha mtu mmoja. Meza ilikuwa kubwa mno kwa jiko lile, kiasi kwamba aliyekaa upande wa ukutani hawezi kutoka mpaka wenzake wainuke, na upande huo ndio uliokuwa wangu. Nilikula pale ugali na spinachi ya kugandishwa aliyoiunga kwa karanga, nikila pia harufu iliyotoka gereji, maana mlango wake ulifungukia jikoni. Injini zile hulainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nyonyo kwenye nywele za mtu, nasikia njaa.

Siku niliyoingia, Lukelo aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Songea. Akamgeukia mke wake, uso mkavu kabisa. "Mama Upendo, fungeni ng'ombe ndani. Mngoni amefika." Nilikuwa bado na sanduku mkononi, sijalala vizuri tangu Dar es Salaam, sina ninayemjua katika nchi nzima, na nikausikia mdomo wangu ukijibu wenyewe kwamba kwa Mhehe sikutegemea kukuta ng'ombe, nilitegemea kukuta mbwa, ila naona ameshaliwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimpenda tangu pale, kama mtu anavyompenda ndugu yake mkorofi. Baada ya hapo hatukupeana amani, yeye na wizi wa ng'ombe wa Wangoni, mimi na mbwa wanaosemwa kuliwa na Wahehe. Yeye alisema sisi Wangoni tulianza kukimbia kutoka kusini kabisa ya Afrika na hatujapumzika mpaka leo, ndiyo maana nimefika Kanada. Mimi nilimwambia mahali wanapokaa Wahehe utapajua kwa ukimya, mbwa wote wamekwisha. Alinizidi karibu miaka ishirini, na kwetu mtu wa umri ule unamwamkia kwa kupiga goti, lakini yeye sikumwamkia. Nilijaribu asubuhi ya kwanza akanikataza. Shikamoo ya Mngoni, alisema, ni ya kuombea chumvi. Binti yao Upendo, aliyekuwa na miaka sita na aliyejibu kila kitu kwa Kiingereza, alimuuliza mama yake kama Anti na Daddy wanagombana. Atu akamweleza kwamba mtani anaweza kukwambia lolote na usiliweke moyoni. Ni maelezo sahihi, na mwaka ule ndiyo yaliyotutesa.

Ajali ilitokea mwishoni mwa Juni, mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimekaa na Atu kwenye benchi karibu na kona ya pili, tunakula karanga. Mwendeshaji wa mbele aliteleza akaanguka, Lukelo akamkwepa kwa kutanua upande wa nje, na huko nje hapakuwa na nafasi tena. Alipiga uzio wa mbao kwa bega na kichwa. Helmeti ilitoa mlio ambao niliusikia juu ya injini zote. Pikipiki ilikwenda peke yake mpaka ikazimika kwenye majani, na yeye akabaki amelala kifudifudi, mguu wenye kiatu cha chuma umekunjika chini yake. Atu hakupiga kelele. Alinishika paja, kucha zikaingia kwenye suruali, na hakuniachia mpaka Lukelo alipokaa, akasimama, akainua mkono. Watu wakapiga makofi na honi za magari. Mama wa huduma ya kwanza alimmulika macho kwa tochi, akamwambia apumzike wiki kadhaa na aende kwa daktari. Alimjibu ndiyo, ndiyo, kwa heshima zote. Jumamosi iliyofuata alikaa nyumbani. Iliyofuata hiyo alikuwa nyuma ya utepe.

Nyumba ilibadilika, ingawa hakuna aliyesema kitu. Lukelo alianza kushuka ngazi za gereji mkono wake ukitambaa ukutani. Akimimina chai, kwanza aligusa ukingo wa kikombe kwa kidole. Aliacha kuendesha gari jioni, akasema Atu anahitaji mazoezi. Ukimwita kutoka kushoto aligeuza mwili mzima kukutafuta. Kazini, kama alivyosimulia mwenyewe akijisifu, alijitolea kazi zote za chini ya mabasi, zile ambazo fundi anapapasa tu kwa vidole. Niliyaona haya yote bila kuyaunganisha. Dari ya besmenti ilikuwa nyembamba, na maneno ya jikoni yalinifikia nusu nusu. Alasiri moja nilimsikia Atu akiuliza, "Unaiona?" Akauliza tena kwa upole zaidi, sauti anayotumia kwa mtoto. Lukelo akajibu kwamba anaona vizuri, asimfanye mgonjwa. Kiti kikasukumwa. Nilibaki nimekaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, nangoja waendelee, na hawakuendelea.

Julai ilipokuwa inakwisha, Jumapili moja, tulikuwa na wageni, mtu na mkewe kutoka kanisani. Atu alikuwa amepika ndizi na nyama. Nilipopanda na kujipenyeza kwenye nafasi yangu ya ukutani, Lukelo alinitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mungu amenionea," akasema. "Mngoni mmoja alikuwa ananitosha. Siku hizi nawaona wawili." Wageni wakaangua kicheko. Nikajibu papo hapo kwamba ajizoeze tu, maana wa pili amefuata ng'ombe waliosahauliwa na wa kwanza. Kicheko kikazidi, mgeni akapiga meza kwa kiganja. Na katika kicheko hicho hicho nikauona mkono wa Lukelo ukienda kuchukua chumvi. Ulikwenda bila wasiwasi wowote, ukafumba vidole juu ya kitambaa cha meza, kando kabisa ya pale kibakuli kilipokuwa. Akavifumbua, akasogeza mkono, akakipata. Wageni hawakuona. Atu hakuwa anautazama mkono. Alikuwa ananitazama mimi nikiutazama. Mwanamume aliyemwambia mke wake kwamba anaona vizuri alikuwa ametuambia sote mezani, wazi kabisa, kwamba kila kitu anakiona mara mbili, na sisi tukamcheka kama inavyotakiwa, kwa sababu aliyekuwa anaambiwa ni mtani. Sijui hata leo kama alitaka tumsikie, au alitaka tu kulitoa kifuani mahali ambapo halitamdhuru. Nadhani hata yeye hakujua.

Kesho yake nilimkabili Atu tukikunja nguo. Hakushangaa. Alisema amelijua tangu wiki ya kwanza, amelia, amenuna, ametishia kuhama, na Lukelo kila mara alimkumbatia akamwambia ni uchovu, baada ya fainali ya Septemba atakwenda hospitali. Alikuwa anataka ubingwa wa tatu. Nilimwambia aseme kwa nguvu zaidi, na hapo Atu akaiweka chini shuka aliyokuwa ameshika. "Mimi nikisema, ni mke anayeogopa," akasema. "Wenzake wa uwanjani wanamshangilia, hao hawasemi kitu. Wewe ukisema, ni utani. Nani amebaki?" Kisha akaokota shuka, akanipa ncha mbili nishike, akaniomba nijaribu hata hivyo.

Nikajaribu kwa njia niliyoijua. Mtani ana haki ya kukunyang'anya kitu chako, na wewe unakikomboa. Ijumaa niliingia gereji nikachukua kiatu cha chuma, nikakificha chini ya kitanda changu, nikapanda juu kutangaza kwamba Wangoni wameteka. Lukelo alifurahi mno. Aliuliza kama tunataka mbuzi au jogoo. Nikamwambia hatutaki nyama, tunataka aende kwa daktari wa macho, kisha atapata kiatu chake. Akacheka mpaka akakohoa, akasema Mngoni anataka kumvalisha miwani ili amwone vizuri anapoiba. Nikamwambia sitanii. Akacheka zaidi, kwa sababu kila mtani husema hivyo. Nikamwambia ameumia kichwa, haoni, atakufa. Nililitaja neno lenyewe. Akajifuta machozi ya kicheko, akasema Wahehe hawafi kabla Wangoni hawajatangulia kuwaonyesha njia. Jumamosi aliazima kiatu cha mwendeshaji mwingine akashinda nacho. Jumapili nilipofika kanisani habari ilikuwa imeshanitangulia, na watu walinipongeza kwa kuteka kiatu cha bingwa. Nilimrudishia. Niliporudi kazini Jumatatu nililia kwenye basi, kwa hasira, mpaka mama mmoja wa Kisomali akanipa kitambaa bila kuniuliza kitu.

Agosti yote aliendelea kushinda, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angeshindwa. Niliielewa mbinu yake polepole. Alikuwa anachomoka kwenye utepe kabla ya wote na kukaa mbele, mahali ambapo hakuwa na haja ya kumwona mtu. Uwanja aliujua kwa mwili. Ilimradi hakuna aliyemtangulia, alihitaji macho kidogo sana. Atu naye aliielewa. Kila Jumamosi tulikaa kwenye benchi lile, tusile karanga tena, tukiomba jambo moja tu, kwamba utepe ukiruka awe wa kwanza. Nilikuwa nachukia kuomba vile. Ilikuwa sawa na kumsaidia.

Siku ya fainali Atu ndiye aliyeendesha vani, pikipiki imefungwa nyuma, na Upendo tulimwacha kwa jirani. Lukelo alikaa katikati yetu, mikono juu ya magoti, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Hakunitania njia nzima na mimi sikumchokoza. Uwanjani kulikuwa na baridi ya kwanza ya mwaka na watu wengi kuliko kawaida. Kwenye mbio mbili za mwanzo za mchujo alitoka wa kwanza, tukapumua. Kwenye mbio za tatu alichelewa. Sijui kama mkono uliteleza au kichwa kilimzunguka, lakini utepe uliruka na yeye akabaki nyuma ya wawili. Upande wake wa ndani, kushoto, alikuwa binti wa mkulima mmoja wa kule, mtoto wa miaka kumi na tisa hivi, ndiyo kwanza ameanza msimu wake wa kwanza. Walipoingia kona Lukelo alikata kushoto moja kwa moja juu ya njia yake, bila kupepesa, mfano wa mtu anayepita uwanja mtupu. Yule binti aliachia mafuta, akayumba, magurudumu yakagusana, nikaona udongo ukiruka na nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa bado amesimama, mwisho wa wote. Lukelo alimaliza wa pili na akaingia fainali.

Nyuma, mahali pa kutengenezea pikipiki, binti yule alikuja uso mweupe, helmeti mkononi, kumuuliza Lukelo alikosea nini. Yeye, aliyekatiwa njia, ndiye aliyekuwa anauliza amekosea nini. Lukelo alimwomba radhi kwa Kiingereza chake kizuri cha taratibu, akimwambia kosa si lake, na wakati wote huo alikuwa anazungumza na hewa iliyo kando kidogo ya sikio la yule mtoto. Niliondoka pale. Nikamwambia Atu nakwenda kwa mzee wa bendera, mwamuzi wa mbio, nimwambie mtu huyu haoni, wamtoe. Atu alinishika mkono. "Mwambie yeye kwanza," akasema. "Usimpeleke kwa watu kabla hujamwambia yeye. Akikataa, nitakwenda mwenyewe." Nikamwambia nimeshamwambia, anacheka. Hakuuachia mkono wangu mara moja.

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anafunga kiatu cha chuma. Alisikia hatua zangu, akainua uso, akatabasamu. "Mngoni. Leo umekuja kuteka nini?" Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Ni mazoea, mtani akitupa unadaka. Nikalimeza. Tabasamu lake lilikuwa linangoja, na niliona linaanza kuchoka. Ndipo nikapiga goti kwenye udongo ule uliomwagikiwa mafuta, nikakutanisha mikono kama mama alivyonifundisha, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka Lukelo."

Kando yetu mtu alikuwa anajaribu injini, akaizima. Shikamoo haiachwi chini; mtu wa kwetu, hata awe na hasira kiasi gani, ataiokota tu. "Marahaba," akasema hatimaye, na sauti haikuwa na mchezo wowote.

"Yule binti hukumwona," nikamwambia. "Ukiingia tena utamuua, au utajiua, na mimi ndiye nitakayempelekea Upendo habari." Nikaishia hapo. Niliogopa kwamba nikiongeza neno moja tu litatoka la utani, na yote yatakuwa bure.

Aliuliza kama Atu ndiye aliyenituma. Nikamwambia hapana, nimekuja mwenyewe, kaka. Alilirudia hilo neno kaka polepole, kana kwamba anataka kujua limetoka wapi. Kipaza sauti kikaita jina lake. Wenzake watatu walikuwa wameshaanza kusukuma pikipiki kuelekea kwenye utepe, na mmoja akageuka kumtafuta. Mimi sikuinuka. Goti lilikuwa limelowa na nilikuwa nimeamua kwamba akitaka kwenda ataniruka. Kipaza sauti kikaita tena, kwa kuvuta, jinsi wanavyomwita bingwa, na watu wakapiga honi. Lukelo akainama akaanza kufungua mkanda wa kiatu. Vidole vilipapasa mkanda bila kukipata kifungo chake. Alihangaika nacho, akaacha, akanyoosha mguu mbele yangu.

"Nifungulie," akasema.

Jumatatu walimlaza hospitali. Damu ilikuwa imekusanyika ndani ya fuvu tangu Juni, kidogo kidogo, inabonyeza ubongo, na daktari alimwambia Atu kwamba pigo jingine, hata dogo, lingemaliza kazi. Walimpasua. Jicho la kushoto halikurudi vizuri, kichwa kilipona. Pikipiki aliiuza wakati wa baridi kwa baba wa yule binti, na hakukanyaga tena uwanja ule, hata kutazama. Siku aliyorudi nyumbani kutoka hospitali nilikuwa nimeandaa tusi tamu sana kuhusu kichwa chake kilichonyolewa. Nililiandaa wiki nzima, kati ya trei na trei. Nilipanda ngazi nikiwa nalo mdomoni. Lukelo alikuwa mezani, aliponiona akainuka, polepole, akanivutia kiti, akasema, "Karibu, dada Skola. Umeamkaje?"

Nilidhani mzaha unafuata. Haukufuata. Nikalitupa tusi langu hata hivyo, na yeye akatabasamu kwa upole, akanisogezea sukari. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka nilipohama majira ya kuchipua yaliyofuata, na hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Nilipoolewa alisimama upande wa wazee wangu, akasema maneno mazuri yaliyowaliza watu, hakuna hata moja la Wangoni. Nilipojifungua alikuja Atu na uji, na Lukelo akakaa sebuleni na mume wangu wakizungumza habari za mabasi. Watu waliotujua walishangaa, wakauliza tumekosana nini. Moyoni niliichukulia kuwa adhabu. Nilimshusha mtu kutoka mahali pekee katika nchi hii ambapo watu waliliita jina lake kwa kuvuta, nikamshusha wakati wanaliita, na nikamshusha kwa heshima, kitu ambacho mtani hapaswi kumfanyia mwenzake. Kuna miaka nilimkasirikia. Nilitaka kumwambia, nimekuokoa, Mhehe wewe, nitukane hata mara moja. Lakini utani hauchezwi na mtu mmoja.

Ndiyo maana siku ya kumuaga, tukiwa kwenye jiko la ukumbi wa kanisa na jeneza limeshaletwa, nilimvuta Atu pembeni ya masufuria ya pilau nikamweleza. Nikamwambia atafute Mngoni mwingine, wapo, hata kijana anayesoma chuo. Mimi Lukelo aliniondoa kwenye kazi hiyo zamani. Atu alikuwa amevaa nyeusi na macho yake yamevimba, na alinitazama kwa muda mpaka nikaona haya.

"Kwani wewe hujui?" akasema. Kisha akanieleza kwamba kila mara nilipowatembelea, nikishafunga tu mlango, kabla sijafika kwenye gari, Lukelo alikuwa anaanza. Anaigiza ninavyotembea. Anahesabu vijiko kwa sauti aone Mngoni kaacha vingapi. Anamwambia Upendo achungulie dirishani kama ng'ombe bado wapo. Anacheka peke yake mpaka anashika ukuta, kisha ananyamaza.

Nikamuuliza Atu kwa nini Lukelo hakuyasema mbele yangu, hata mara moja.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Nilimwambia, Skola anakukosa. Akasema, 'Watani nitapata, Songea nzima. Wa kunipigia goti akaniambia kweli ninaye mmoja tu. Nikimtania tena, siku nyingine akiniambia kweli nitamcheka.'"

Nilikaa juu ya kreti ya soda nikalia kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu simu ilipopigwa, na wanawake waliokuwa wakipakua chakula wakanipisha. Atu aliningoja. Nilipomaliza alinipa kanga yake, nikajifunga kiunoni, nikanawa uso kwenye sinki la vyombo. Kisha nikaingia ukumbini, nikapita katikati ya watu waliokuwa wanalia mpaka kwenye jeneza, na nikaanza kumtukana.